Hayupo kwa Muda

Kata ya Moravia, Kaunti ya Wexler, Kansas
11 Septemba 1961

Mheshimiwa Profesa Edwin Tolland,

Huenda jina langu halitakuambia kitu, au litakuambia mengi mno. Sijui lipi kati ya hayo mawili, ndiyo maana barua hii nimeiandika mara tatu.

Mimi ni Otilia, binti wa Matej na Antonie Kubicek. Ulipoondoka nyumbani kwetu, Machi ya 1921, nilikuwa na miaka kumi. Sasa nina hamsini. Nafundisha shule, tena ni katibu wa kamati ya kitabu cha miaka sabini na mitano ya kaunti yetu. Isitoshe, ni mkadiriaji wa kata: kila tarehe mosi Machi napita nyumba kwa nyumba kuandika mali na watu.

Kamati inakuomba uandike sura ya historia, jiografia na idadi ya watu. Sababu ni hii, nami sitaificha. Makamishna wa kaunti wameamua kwamba kata isiyofikisha watu thelathini itaunganishwa na jirani yake. Hesabu yangu ya Machi iliyopita ni thelathini kamili. Tukimezwa na Kata ya Benton, greda letu litahamia huko, na zile maili nne za mwisho za barabara, zinazofika kwetu peke yetu, zitafungwa. Mama ana miaka themanini na minne. Barabara ikifungwa itabidi ahamie nyumba ya wazee mjini Garrity, naye ameshasema atatoka humu akiwa amebebwa.

Kwenye mkutano, Kamishna Orville Stamm wa Benton aliniambia mbele ya watu, "Thelathini kamili, Bi. Otilia? Haipungui, haizidi? Huko kwenu mnahesabu na kuku?"

Nikamjibu, "Bwana Stamm, tungehesabu kuku, Benton ndiyo ingekuwa inamezwa."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Alitaka mtu wa nje ahakikishe, na jina lako likatajwa. Wataamua Jumatatu ya pili ya Machi, kwa kutazama hesabu mpya na sura yako pamoja.

Wako kwa heshima,
Otilia Kubicek


Fenwick, Ohio
20 Septemba 1961

Kwa Bi. Otilia Kubicek,

Nimeipokea barua yako na ninakubali kazi hiyo, kwa sharti moja: nitaandika nitakachoweza kukithibitisha, bila kujali kitamfaa nani. Naamini hukutarajia vinginevyo.

Nimeanza na ardhi, kwa kuwa ardhi haibishani. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri mtu aendavyo kaskazini, na mpimaji anayechora viwanja vya mraba juu ya dunia ya mviringo hulazimika kila baada ya maili kadhaa kusimama na kuanza upya. Ndiyo sababu barabara ya kwenda kwenu, iliyonyooka kama rula, hukata kona mbili za ghafla mahali pasipo na mlima wala mto. Nilipokuwa mtoto nilidhani mjenzi alikuwa amelewa. Baadaye nilifahamu kwamba kona zile ndizo mahali pekee katika kaunti nzima ambapo watu walikiri kosa lao na kulijengea njia.

Ama kuhusu idadi, mwaka 1910 Kata ya Moravia ilikuwa na watu 412. Dhoruba za vumbi za miaka ya thelathini ziliondoa nusu, na matrekta yakaondoa sehemu kubwa ya waliosalia. Kushuka huko kunaelezeka. Ninachohitaji ni hesabu yako ya mwisho, nyumba kwa nyumba. Majina si lazima, tarakimu zinatosha.

Ninakumbuka kwamba nilihifadhiwa nyumbani kwenu kwa miaka kumi na mitatu baada ya kuteremshwa kwenye treni ya mayatima, ile iliyogawa watoto kwa wakulima. Mfikishie mama yako shukrani zangu.

Wako mwaminifu,
Edwin Tolland


Moravia, 2 Oktoba 1961

Mheshimiwa Profesa,

Orodha iko ndani ya bahasha: nyumba kumi na moja, watu thelathini. Nimeziandika kwa namba, kuanzia mashariki.

Nilimsomea Mama barua yako. Nilipofika kwenye "nilihifadhiwa" alinizuia.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hilo neno wanalitumia kwa achari," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Nakutumia maneno yake kwa kuwa umesema unataka kilicho sahihi.

Wako,
Otilia Kubicek


Fenwick, 19 Oktoba 1961

Kwa Bi. Kubicek,

Nimeilinganisha orodha yako na vyanzo vitatu visivyotegemeana: mita za chama cha ushirika cha umeme, daftari la parokia na orodha ya wanafunzi. Vyote vitatu vinaafikiana, jambo ambalo katika kazi yangu ni nadra kiasi cha kutia shaka. Vinatoa watu ishirini na tisa.

Nilirudia mara nne. Ishirini na tisa.

Tofauti ya mtu mmoja si kitu katika mji. Katika kata yenu ndiyo kila kitu, na ninatambua kinachoning'inia juu yake. Kwa hiyo sitaki kuharakisha. Dhana yangu ya kwanza ni nyumba namba nne, ya Vaclav Dolezal, iliyo penye kona ya barabara. Kwa mujibu wa ramani ya upimaji, mpaka wa Moravia na Benton unapita katikati yake. Inawezekana kwamba mtu mmoja wa nyumba hiyo ameandikwa kwenu ilhali ni wa Benton. Tafadhali nenda ukaulize ni nani analala upande gani, kwa kuwa sheria humhesabu mtu mahali anapolala.

E. Tolland


Moravia, 30 Oktoba 1961

Mheshimiwa Profesa,

Nimekwenda. Sitakwenda tena.

"Bwana Dolezal," nikamwambia, "profesa anataka kujua unalala wapi."

"Otilia! Unaniuliza hilo mchana kweupe, na mke wangu yuko hapo jikoni?"

"Ni kwa ajili ya hesabu."

Blanka akapaza sauti kutoka jikoni, "Mwandikie analala mbele ya redio!"

"Mimi nalala Moravia," akasema Mzee, "napika Benton, na nikikoroma nasikika kaunti nzima. Mwambie profesa wako aje apime mwenyewe. Si alikuwa anajua kuja? Alikuwa akiteremka hapa kwenye kona na baiskeli ya Matej, haina breki, anaishia kwenye kabichi zangu."

Nimepima kwa kamba. Kitanda kiko futi sita ndani ya Moravia. Jiko liko Benton. Wanaolala ni wawili, na wawili ndio niliowaandika. Nyumba namba nne haina kosa.

Otilia Kubicek


Fenwick, 9 Novemba 1961

Kwa Bi. Kubicek,

Ninakushukuru kwa kipimo. Kabichi nazikumbuka.

Nimeziondoa nyumba kumi, moja baada ya nyingine. Jumla yake ni watu ishirini na saba, na kila mmoja wao ninaweza kumthibitisha. Imebaki nyumba namba kumi na moja, ambayo ni yenu. Umeandika watatu. Parokia inawajua wawili, wewe na mama yako. Ushirika wa umeme unaijua mita moja, ambayo matumizi yake ni ya watu wawili wabahili.

Sina budi kuuliza, na ninauliza kama mtafiti: wa tatu ni nani? Mpangaji? Mfanyakazi wa mavuno aliyebaki? Au umeolewa, na habari hizo hazijafika parokiani? Kama ni hilo la mwisho, pokea pongezi zangu, na niwie radhi kwa kuchelewa kuzitoa.

Ninakiri kwamba jambo hili linanichanganya zaidi kuliko linavyostahili. Jana niliisahihisha mitihani ya darasa zima kwa kutumia majibu ya mtihani mwingine.

E. Tolland


Moravia, 20 Novemba 1961

Profesa,

Sijaolewa. Hatuna mpangaji. Mfanyakazi wa mavuno hawezi kukaa miezi minane jikoni kwa Mama na akatoka mzima.

Nyumba namba kumi na moja ina watu watatu, nami nimeweka sahihi yangu chini ya hesabu hiyo kila mwaka tangu 1946. Daftari la kata lina safu nne: jina, umri, uhusiano na mwenye nyumba, na maelezo. Uliniomba tarakimu, nikakupa tarakimu. Ukisema majina si lazima, usinilaumu mimi.

O. Kubicek


Moravia, 1 Desemba 1961

Edwin,

Anayeandika ni Blanka Dolezal, mimi Antonie nikisema, maana Otilia hataki. Anasema barua yako imemchafua roho. Umemuuliza mtoto wa watu kama ameolewa? Kwa adabu hizo, huko chuoni wanakuvumilia vipi?

Mimi mama yako nasema hivi. Koti lako la ngozi ya kondoo liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Nondo walilishika mwaka wa vumbi, nikalishona kwapani. Buti nilimpa mtu aliyeshuka kwenye behewa la mizigo mwaka 1934, unisamehe, alikuwa peku. Utanunua zingine.

Kila Machi naulizwa, na kila Machi najibu vilevile. Sijachoka. Miguu ndiyo imechoka.

Otilia anadhani sisikii anapozungumza na yule Stamm kwenye simu. Nasikia. Wanataka kufunga barabara. Sasa barabara ikifungwa, utapita wapi ukija? Hilo ndilo nililomuuliza Stamm mwenyewe, nilimnyang'anya Otilia simu. Akaniuliza nani anakuja. Nikamwambia si kazi yake.

Ukija, zunguka upande wa pampu ya upepo. Daraja la kijito limezolewa na maji.

Usikae na njaa.

Antonie Kubicek

(Mimi Blanka nimeandika kama alivyosema. Nilipomuuliza kama anajua huu ni mwaka gani, alinijibu ni mwaka ambao nimezidi ujinga.)


Fenwick, 14 Desemba 1961

Kwa Bi. Otilia Kubicek,

Nimepata barua ya mama yako. Nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote ninayoikumbuka, na siielewi. Samahani kwa nitakalosema: inaonekana umri umemvurugia nyakati. Anazungumza kana kwamba nimetoka kwenda kununua chumvi. Je, daktari amemwona?

Na kama ndivyo hali yake ilivyo, basi ninaanza kushuku kwamba wa tatu ni mtu aliyekufa. Nisingekulaumu. Wapo wajane ambao humwandika mume miaka kumi baada ya mazishi, na mkadiriaji, kwa huruma, hawagusi. Lakini siwezi kuthibitisha huruma. Kama ni Bwana Matej, niambie, tuumalize mjadala huu kwa heshima yake.

Kwa kuwa mama yako amejiita mama yangu, inanipasa nieleze jambo ambalo sijawahi kulieleza, ili pasiwe na dhana zisizo na msingi. Mwaka 1921, wiki ile ya hesabu, nilikuta nakala ya karatasi ya kata mezani kwenu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilipenda kusoma kila kilichoandikwa. Palikuwa na Matej, mwenye nyumba. Antonie, mke. Otilia, binti. Kisha: Edwin Tolland, kibarua. Chini yake ilikuwapo sahihi ya baba yako, ile ninayoijua, yenye herufi zinazolala kama ngano iliyopigwa na mvua ya mawe.

Sikukasirika. Niliona kwamba nilikuwa nimefanya kosa la tafsiri kwa miaka kumi na mitatu, na kwamba sasa nimepewa sahihisho kwa maandishi. Mtu aliyesahihishwa hubadili msimamo. Niliondoka siku ya tatu.

Naomba safu zote nne za nyumba namba kumi na moja.

Edwin Tolland


Moravia, 3 Januari 1962

Kaka Edwin,

Sitakuita tena profesa katika barua hii. Ukipenda, nirudishie barua.

Mama hajavurugikiwa. Anajua tarehe, bei ya ngano na idadi ya makamishna anaowachukia. Baba amefutwa kwenye daftari tangu 1938. Ndio mwaka tuliomzika. Hizi hapa safu ulizoomba, kama zilivyo:

Antonie Kubicek, 84, mwenye nyumba.
Otilia Kubicek, 50, binti.
Edwin Tolland, 59, mwana. Hayupo kwa muda.

Sheria inaruhusu aliyetoka kwa muda ahesabiwe nyumbani. Iliwekwa kwa ajili ya wanafunzi, wagonjwa na askari. Haisemi muda una urefu gani. Najua ulivyo, utaitafuta. Mimi nimeshaitafuta, haisemi.

Sasa sikiliza ambacho hukukiona. Mkadiriaji wa enzi hizo alikuwa Clyde Harbison, unamkumbuka, yule wa gari la Ford. Hakuwa akiuliza mtu kitu. Alisimama getini, akajaza karatasi juu ya usukani, kwa sababu alimjua kila mtu. Aliona jina lako si Kubicek, akaandika alichodhani. Hakushuka garini. Akampa Baba karatasi dirishani, Baba akatia sahihi. Baba hakuweza kusoma Kiingereza. Nadhani wewe ulijua, na nadhani siku ile ulisahau. Tulikuwa tunamsomea gazeti, mimi na wewe, kwa zamu.

Mwaka uliofuata Harbison akarudi. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi ya pampu, nikasikia yote.

"Matej," akasema, "yule kibarua wako aliyeondoka, nimfute?"

"Kibarua gani? Mimi sina kibarua."

"Tolland."

Baba akageuka upande wa pampu. Akaniita. "Otilia, soma alichoandika mwaka jana." Nikasoma. Baba akavua kofia. Sikuwahi kumwona akivua kofia nje.

"Andika: mwana," akamwambia.

"Lakini hayupo, Matej."

"Atarudi."

"Sasa nitaandikaje mtu ambaye—"

"Shuka garini," Baba akasema. "Shuka, uje uone kitanda chake, uone koti lake. Halafu uandike."

Harbison alishuka. Alikaa jikoni, akapewa vikate vya plamu, na akaandika lile neno, "hayupo kwa muda", nadhani ili apate kuondoka. Tangu hapo limeandikwa mara arobaini. Mama hatii sahihi bila kuliona.

Barua mbili Baba alizipeleka kwa chama cha New York kilichokuleta. Zilirudi. Tulipoliona jina lako kwenye jarida, 1949, Mama alisema, "Usimsumbue. Njia anaijua."

Utauliza kwa nini nilipendekeza jina lako kwenye kamati, huku nikijua utaona. Ndiyo, ni mimi niliyelitaja, si Stamm. Nilijua utaona. Nilitaka uone mwenyewe, kwa vipimo vyako, kwa sababu ningekuambia tu usingeamini. Sikufikiri vizuri kuhusu barabara. Nilidhani vitu viwili vinaweza kuombwa kwa barua moja.

Otilia


Moravia, 19 Februari 1962

Kaka Edwin,

Wiki sita na siku tano, bila neno. Posta inafika; nimeiuliza. Sijui kama umekasirika au unafikiri, na kwa mtu kama wewe sijui tofauti yake inaonekanaje.

Nimefikiri na mimi. Miaka kumi na sita nimekuandika kwa mkono wangu, na kila mara nilijiambia sidanganyi, kwa kuwa kila mtu katika kata hii anajua wewe ni wa kwetu. Huo ndio ulevi wetu sisi wa hapa: tunajua, kwa hiyo hatuulizi. Harbison alijua. Mimi nilijua. Yeye alikosea kwa neno moja nami nikakosea kwa jingine, na wote wawili tulikuandika wewe bila kukuuliza.

Kwa hiyo tarehe mosi Machi sitakuandika. Moravia ni watu ishirini na tisa. Nimeshamwambia Stamm kwa simu. Akasema, "Bi. Otilia, sikutaka iwe kweli, unajua. Nilitaka tu kubishana." Dereva wa greda alipita kwetu jana, akaichonga barabara mpaka mlangoni bila kuombwa, kama mtu anayeaga.

Mama nilimwambia mezani. Aliendelea kula. Kisha akasema, "Futa ukitaka. Msumari siung'oi."

Usije kwa sababu ya barua hii. Sitaki mtu arudi ili kujaza mstari.

Dada yako, kama neno hilo bado linafaa,
Otilia


Fenwick, 20 Februari 1962

Dada Otilia,

Nilianza kukujibu mara kumi na moja. Rasimu ninazo; nimezipanga kwa tarehe, kisha nikaona upuuzi wa kuzipanga.

Utaniwia radhi nikianza na kazi. Sura imekamilika na nimeituma kwa kamati asubuhi hii. Jedwali la mwaka 1961 linasema: Kata ya Moravia, watu ishirini na tisa. Sikuweza kuandika vinginevyo. Mtu aliyekuwa Ohio usiku wa hesabu, na usiku elfu kumi na nne kabla yake, hakuwa Moravia, hata aandikwe na nani. Nisamehe. Ningetamani ungenisamehe kabla sijaandika, lakini sikuthubutu kuomba.

Baada ya hapo sina hakika ya kitu. Kwa miaka arobaini na mmoja nilisimama juu ya neno moja, nikiamini limeandikwa na mtu niliyempenda. Sasa naambiwa liliandikwa juu ya usukani na mtu aliyekuwa na haraka. Nilipaswa kujua. Nilimsomea gazeti mzee yule kila Jumamosi. Nilikuwa ushahidi hai kwamba hawezi kusoma alichotia sahihi, na nikaondoka nikiwa nimeubeba ushahidi huo kichwani. Ningemfelisha mwanafunzi yeyote ambaye angeniletea hitimisho la aina hiyo. Jambo la kusoma karatasi lilinijia akilini. La kumuuliza mtu halikunijia. Naona nilikuwa mtu wa kata ile kuliko nilivyodhani.

Tena kuna jambo ambalo akili yangu inalizunguka bila kulimaliza. Ikiwa Harbison alikosea aliponiandika kibarua, kwa kuwa hakuuliza, je, baba yako na mama yako walipatia waliponiandika mwana, nao pia bila kuniuliza? Kimantiki makosa hayo ni ya aina moja. Nimejaribu kwa wiki sita kuyafanya yawe ya aina moja, na hayakubali.

Nimeomba likizo mpaka mavuno ya ngano yaishe. Mkuu wa chuo aliniuliza ninakwenda kufanya utafiti gani; nikamwambia sijui, na nadhani ni mara ya kwanza kumpa jibu kamili. Nitafika Garrity kwa treni Jumatatu tarehe 26. Nitazunguka upande wa pampu ya upepo. Usimwambie mama yako, au mwambie. Sijui lipi litamchosha miguu zaidi.

Sitaki unifikirie kuwa ninakuja kutengeneza tarakimu. Kama makazi ya miezi mitano ni makazi, hilo ni la sheria, nayo, kama ulivyosema, haisemi. Wewe ndiye mkadiriaji. Ninakuomba jambo moja tu, na ninaliomba kwa dhati. Najua unaishi humo ndani. Hata hivyo, Alhamisi tarehe mosi Machi, toka nje na daftari lako, funga mlango, kisha ugonge. Nitafungua mimi. Uniulize jina, umri, na uhusiano wangu na mwenye nyumba, naye mwenye nyumba awe amesimama pale akisikia.

Sijui nitajibu nini. Nimejaribu kulitamka jibu hapa chumbani, peke yangu, na sauti ilitoka ya mtoto wa miaka sita aliyeteremshwa stesheni na namba kifuani. Lakini usilijaze kabla sijalitamka, hata kama unalijua.

Edwin